Konkurs, concours, concurso, concourse: neno moja la Kilatini, kila nchi na lake (uzi wa watafsiri na wanaofanya biashara na Ulaya)

Kalamu_Nyeusi (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya neno moja tu. Kwenye karatasi ya Kifaransa ni mtihani wa mchujo. Kwenye karatasi ya Kiswidi ni kampuni iliyofilisika. Kwa Kireno serikali inaita wazabuni. Kwa Kiingereza ni ukumbi mkubwa wa stesheni. Sura karibu ni ile ile: concours, konkurs, concurso, concourse. Anayeijua lugha moja vizuri ndiye anayeponzeka zaidi, kwa sababu hafungui kamusi kutafuta neno analodhani analijua.

Asili yake ni nomino ya Kilatini concursus, kutoka kitenzi concurrere: con- ni "pamoja", currere ni "kukimbia". Warumi waliitumia kwa umati unaokimbilia mahali pamoja, kwa majeshi mawili yanayovamiana, hata kwa irabu mbili zinazogongana neno moja linapoishia na irabu na la pili kuanza na irabu. Kwa hiyo tangu zamani neno lilibeba mambo mawili, kukutana na kupambana, na kila lugha ikachagua upande wake.

Ukikutana nalo jiulize hivi: nani anakimbia, na anakimbilia nini? Watahiniwa wanakimbilia nafasi. Wadai wanakimbilia mali ya mdaiwa. Wazabuni wanakimbilia mkataba. Abiria wanakimbilia treni. Maana zote zilizobaki leo zinaingia humo.

Wenye kujua sheria na lugha moja moja karibuni mjaze. Tusiishie kwenye kamusi.

---

Wakili_Kigogo

Mkuu, nianze na upande wa wadai maana ndio unaoumiza mifuko.

Warumi wenyewe hawakuuita ufilisi concursus. Wao walikuwa na missio in bona, yaani hakimu kuwaingiza wadai kwenye mali ya mdaiwa, kisha bonorum venditio, kuiuza yote kwa jumla. Jina concursus creditorum, "mkusanyiko wa wadai", lilikomaa baadaye sana mikononi mwa wanasheria wa Ulaya waliofundishwa sheria ya Kirumi. Mhispania Francisco Salgado de Somoza aliandika katika karne ya 17 kitabu kizima juu ya wadai wanaogombania mali moja, Labyrinthus creditorum concurrentium, na wanasheria wa nchi za Kijerumani walikisoma kwa bidii. Huko ndiko Konkurs ilikopata nguvu.

Ili uone kwa nini "kukimbia pamoja" ni jina la ufilisi, chukua hesabu hii. Mdaiwa mali yake imeuzwa kwa milioni 18. Gharama za kesi na za mfilisi (anayesimamia na kuuza mali za aliyefilisika) ni milioni 3, zinatoka kwanza. Zinabaki 15. Wadai wasio na rehani ni watatu: A anadai milioni 30, B anadai 15, C anadai 5. Jumla ya madeni ni 50.

Bila utaratibu wa pamoja, atakayewahi mahakamani ndiye anayekula. B akiwahi kukamata mali, anachukua 15 zote na wenzake wanarudi mikono mitupu. Kwenye concursus mbio hizo zinasimamishwa. Wote wanaitwa siku moja kwenye chungu kimoja, na kila mmoja anapata asilimia 30 ya deni lake: A 9, B 4.5, C 1.5. Kanuni hiyo wanasheria wanaiita par condicio creditorum, usawa wa wadai. Mwenye rehani hayumo kwenye foleni hii, yeye analipwa kutoka kwenye kitu kilichowekwa rehani.

Afrika Kusini, ambako sheria ya Kirumi na Kiholanzi bado inaishi, mawakili hadi leo wanasema concursus creditorum kwa Kilatini hicho hicho. Na Louisiana, Marekani, sheria yao ya madai ina kesi iitwayo concursus: mtu ameshika fedha zinazogombaniwa na watu wengi, anaziweka mahakamani, wagombanaji wanaitwa wote kwa pamoja wakathibitishane huko. Hakuna aliyefilisika.

---

Ziwa_Kaskazini

Samahani wakubwa, huku Burundi "concours national" ni mtihani wa wanafunzi, na Kongo pia "concours" ni mtihani wa kuingia chuo au kazini. Kwa hiyo Mfaransa akifilisika hasemi concours kabisa?

---

Kalamu_Nyeusi

@Ziwa_Kaskazini hasemi. Kwa Mfaransa kampuni iliyoelemewa inaingia "redressement judiciaire" ikiwa bado inaweza kuokolewa, au "liquidation judiciaire" ikiwa haiwezekani tena. Neno "faillite" limebaki mdomoni na kwenye "faillite personnelle", ambayo ni adhabu ya kumzuia mtu kuongoza biashara. "Banqueroute" nayo ni kosa la jinai, si kufilisika tu. Ukitafsiri hayo yote kwa neno moja la Kiswahili umeshamtia mtu hatiani au umemsafisha bila kujua.

Tuje kwenye concours yenyewe. Tofauti yake na "examen" ni hii: examen unafaulu ukifikisha alama, mfano 10 juu ya 20. Kwenye concours nafasi zimehesabiwa. Zikiwa 40, wa 41 amekosa hata kama ana 16 juu ya 20. Kwa hiyo "mtihani" peke yake haitoshi, andika "mtihani wa mchujo" au "mtihani wa ushindani". Kuna na "liste complémentaire", orodha ya akiba: aliyeko humo hajafaulu wala hajafeli, anasubiri mtu ajitoe.

Maana nyingine za Kifaransa zinazowaangusha watu:

"Avec le concours de la mairie" kwenye bango la tamasha ni "kwa msaada wa" au "kwa kushirikiana na" manispaa. Hakuna shindano hapo.

"Un concours de circonstances" ni mambo yaliyosadifu kutokea pamoja.

"Concours bancaires courants" kwenye mizania ya kampuni ni fedha za muda mfupi ambazo benki imeikopesha, hasa akaunti iliyotolewa kupita salio. Iko upande wa madeni. Anayeandika "mashindano ya kibenki" hapa ameharibu ripoti nzima.

Ndugu yake "concurrence" ni ushindani wa biashara. Lakini "jusqu'à concurrence de 50 000 euros" kwenye mkataba wa udhamini maana yake ni "hadi kufikia euro 50,000", ule ukomo wa dhamana. Hili nalihesabu kuwa baya kuliko yote, kwa sababu sentensi iliyotafsiriwa vibaya inaonekana kuwa na maana na hakuna anayeishtukia.

---

Mama_Tafsiri

Naleta Kihispania, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye fujo kuliko vyote kwa sababu kimeweka maana zote chumba kimoja.

"Concurso" ni shindano la televisheni. Ni zabuni. Ni ajira ya serikali kwa kupima sifa na vyeti, na ikiongezewa mtihani inaitwa "concurso-oposición". "Con el concurso de" ni "kwa msaada wa". Na ni ufilisi. Tangu Ley 22/2003, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2004, "concurso de acreedores" ndilo jina la utaratibu wa ufilisi kwa wote, mfanyabiashara na asiye mfanyabiashara. Kabla ya hapo mfanyabiashara alikuwa na "quiebra" au "suspensión de pagos", na concurso ilikuwa ya raia wa kawaida tu. Kwa hiyo tarehe ya hati ina uzito. Sheria ilipangwa upya mwaka 2020 lakini jina limebaki, ila tangu 2023 biashara ndogo kabisa zina utaratibu wao maalumu.

Sasa angalieni viambishi:

concursante = mshiriki wa shindano
concursado = mdaiwa aliye kwenye ufilisi
concurrente = mhudhuriaji, au anayeshiriki kwenye mchujo
concurrido = (mahali) palipojaa watu
concursal = -a ufilisi, kama "administrador concursal", msimamizi wa ufilisi

Herufi chache zinamtenganisha mtu anayegombea gari kwenye runinga na mtu anayenyang'anywa lake.

Magazeti ya uchumi yanakata maneno: "la constructora entra en concurso". Hiyo kampuni ya ujenzi imeingia kwenye ufilisi. Lakini "la constructora se presenta al concurso" imeomba zabuni. Kitenzi ndicho kinachoamua: kuingia na kutangazwa (entrar, declarar) ni ufilisi, kujitokeza na kushinda (presentarse, ganar) ni zabuni au shindano. Kuna na "voluntario", mdaiwa ameomba mwenyewe, na "necesario", wadai ndio walioomba. Hii necesario msiitafsiri "wa lazima kwa kampuni", itasomeka kama ushauri.

Kinachoharibika kwa wanaoidai kampuni ya Hispania ni muda. Tangazo likishatoka kwenye gazeti la serikali, BOE, mdai ana mwezi mmoja kuwasilisha dai lake kwa msimamizi. Akichelewa, kwa kawaida deni lake linashushwa daraja, linakuwa "subordinado", na huyo analipwa baada ya wengine wote. Yaani halipwi. Mtu aliyesoma "concurso" akadhani mteja wake anashiriki mashindano anaupoteza mwezi huo hivi hivi.

---

Rovuma_Kusini

Mama_Tafsiri ahsante. Na Kireno? Wanaovuka kwenda Msumbiji wanakutana na "concurso público" kila ubao wa matangazo.

---

Mama_Tafsiri

Msumbiji na Ureno, ukiiona kwenye tangazo la ununuzi wa umma, "concurso público" ni zabuni ya wazi. Brazili ukisema maneno hayo hayo mtu wa kwanza anafikiria mtihani wa ajira serikalini, kwa sababu Katiba yao ya 1988, ibara ya 37, inataka ajira ya umma ipitie mtihani huo. Mtu anayejisomea mitihani hiyo mwaka hadi mwaka ana jina lake kabisa: "concurseiro".

Zabuni ya kawaida Brazili, kwa sheria yao ya 14.133 ya mwaka 2021, huweza kuitwa "pregão" au "concorrência". Humo humo "concurso" imebaki kwa kuchagua kazi ya kitaalamu, kisayansi au kisanaa, mfano ramani ya jengo. Na "concorrência" nje ya ununuzi ni ushindani wa kibiashara. Ufilisi wao ni "falência", Ureno ni "insolvência". Kwa hiyo Mreno na Mhispania, majirani wanaoelewana wakizungumza polepole, hapa wameachana.

Kiitaliano kwa ufupi: "concorso" ni shindano na mtihani wa ajira, ibara ya 97 ya Katiba yao inautaja. "Procedure concorsuali" ni taratibu za ufilisi kwa jumla. "Concorso di colpa" kwenye fomu ya bima ya gari ni kwamba wote wawili wana sehemu ya kosa, na fidia inapunguzwa. Gazeti likiandika "arrestato per concorso in omicidio", mtu amekamatwa kwa kushiriki mauaji. "Concordato" ni nyumba nyingine: inatoka concordare, kupatana, nayo ni makubaliano ya mdaiwa na wadai wake. Zinakaa ukurasa mmoja wa sheria, watu wanazichanganya.

---

Binti_Kaskazini

Nordiki ni rahisi ukishika jambo moja: konkurs ni ufilisi, basi. Kiswidi "konkurs", Kideni na Kinorwe "konkurs", Kifini "konkurssi". Shindano kwa Kiswidi ni "tävling", kwa Kifini "kilpailu".

Mtego uko kwa ndugu yake. "Konkurrens" ya Kiswidi ni ushindani wa kibiashara, na Konkurrensverket ni mamlaka ya ushindani. Kideni "konkurrence" na Kinorwe "konkurranse" zinabeba ushindani na shindano pia. Kwa hiyo mtu wa Denmark kwenye "konkurrence" anaweza kushinda baiskeli na kwenye "konkurs" akaipoteza. Ukisoma haraka macho yanaruka silabi moja.

Halafu kuna "konkursbo". Bo ni mali yote ya mufilisi ikiwa fungu moja, lakini bo pia ni kiota cha ndege. Kifini wamefanya vivyo hivyo: "konkurssipesä", na pesä ni kiota. Programu za kutafsiri zikipewa neno hilo peke yake bila sentensi huweza kukuletea kiota. Andika "mali ya mufilisi" au "fungu la mali za ufilisi".

Mfano ninaoupenda: kutoka Helsinki hadi Tallinn ni kama kilomita 80 za bahari, feri inatumia saa mbili hivi, na Kifini na Kiestonia ni lugha za ukoo mmoja. Helsinki "konkurssi" ni kufilisika. Tallinn "konkurss" ni shindano au mchujo wa kazi, na kufilisika ni "pankrot". Ufini ilikuwa chini ya Uswidi hadi 1809 na ikaendelea na sheria za Kiswidi, neno likabaki pamoja na sheria.

---

Mzee_wa_Kamusi

Ukiendelea mashariki shindano linatawala. Kipolandi "konkurs" ni shindano, kama lile la piano la Chopin lililoanza Warszawa mwaka 1927. Ufilisi ni "upadłość" na anayeusimamia ni "syndyk". Kipolandi kina na "konkury", neno la kizamani: kwenda kuposa. Vijana kadhaa wanaelekea nyumba moja yenye binti, mbio ni zile zile.

Kirusi ndiyo ya kuangalia kwa makini, na wengi wetu tuna ndugu waliosoma huko. "Konkurs" ni shindano, ni zabuni (sheria ya ununuzi 44-FZ ya 2013 inaitumia), na ni wingi wa waombaji kwa kila nafasi chuoni: "konkurs watu watano kwa nafasi". Lakini kivumishi chake kimehifadhi maana ya Kijerumani. Kwenye sheria ya ufilisi 127-FZ ya 2002, "konkursnoye proizvodstvo" ni hatua ya kuuza mali na kulipa wadai, "konkursnaya massa" ni mali zenyewe, na "konkursny upravlyayushchiy" ni mfilisi. Huyo mkuu si mwenyekiti wa majaji wa shindano. Ukomo wa kuingizwa kwenye daftari la wadai ni miezi miwili tangu tangazo, na aliyechelewa anasubiri makombo.

Kicheki wana vyote viwili: "konkurs" au "konkurz" ni usaili wa waigizaji na ni njia mojawapo ya kumaliza ufilisi chini ya sheria yao ya 182/2006. Kiserbia "konkurs" ni tangazo la kuomba nafasi, ufilisi ni "stečaj". Kiromania "concurs" ni shindano, ufilisi ni "faliment".

---

Nahodha_Mstaafu

Mmesahau 9M113 Konkurs, kombora la Kisovieti la kupiga vifaru, 1974. Hilo linafilisi kweli kweli 😂

---

Wakili_Kigogo

@Nahodha_Mstaafu hilo halina rufaa.

Nirudi kwa Wajerumani maana hapa tarehe inafanya kazi. Ujerumani ilikuwa na Konkursordnung ya 1877, ikaanza kutumika 1 Oktoba 1879 na ikaondoka mwisho wa 1998. Kuanzia 1 Januari 1999 ni Insolvenzordnung. Konkursverwalter akawa Insolvenzverwalter, Konkursmasse ikawa Insolvenzmasse. Watu mtaani bado wanasema "Konkurs", ila hati mpya ya mahakama ya Ujerumani inayosema hivyo inastahili kutiliwa shaka. Ikiwa ni ya 1995, ni sawa kabisa.

Austria walibadilisha jina la sheria yao mwaka 2010, ikawa Insolvenzordnung, lakini "Konkursverfahren" wameiacha hai ndani yake kama aina mojawapo, pembeni ya "Sanierungsverfahren" ya kuokoa kampuni. Kwa hiyo Konkurs kwenye hati ya Vienna ya mwaka jana ni halali.

Uswisi ndiyo darasa zuri zaidi. Sheria ni moja, ya 1889, na ina majina matatu rasmi yenye nguvu sawa. Kijerumani: Bundesgesetz über Schuldbetreibung und Konkurs. Kifaransa: Loi fédérale sur la poursuite pour dettes et la faillite. Kiitaliano: Legge federale sulla esecuzione e sul fallimento. Konkurs, faillite, fallimento, kitu kimoja. Ofisi ya Zürich ni Konkursamt, ya Geneva ni office des faillites. Na Mswisi huyo huyo wa Geneva akisema "concours" anazungumzia shindano. Anayetafuta neno sahihi la kisheria katika lugha tatu aziweke nakala hizo tatu kando kwa kando, ibara kwa ibara. Hakuna kamusi inayofikia hapo.

Italia nao mwaka 2022 waliachana na "fallimento" kwenye sheria mpya, sasa ni "liquidazione giudiziale", ili kuondoa fedheha ya neno. Kwa hiyo Uswisi ya Kiitaliano imebaki na neno ambalo Italia imelitupa.

---

Maua_Naivasha

Swali la kibiashara wakuu. Msafirishaji wa maua amepokea barua kutoka Uholanzi, mnunuzi amefilisika, barua inasema yeye ni "concurrente schuldeiser". Programu imetafsiri "mdai mshindani". Kuna mashindano gani tena hapo?

---

Wakili_Kigogo

Hakuna. Kwa Kiholanzi "concurrent" peke yake ni mshindani wa kibiashara, lakini "concurrente schuldeiser" ni mdai wa kawaida: hana rehani wala kipaumbele. Ni A, B na C wa mfano wangu wa juu. Foleni yao inakwenda hivi: gharama na madeni ya ufilisi wenyewe (boedelschulden), kisha "preferente" wenye kipaumbele kama mamlaka ya kodi, kisha "concurrente", kisha "achtergestelde" waliokubali kuwa nyuma ya wote. Barua hiyo inamwambia kwa upole asitegemee kikubwa.

Anayeandika barua ni "curator", naye ni mfilisi, si mtunza makumbusho. Mtu wa Denmark naye anamwita "kurator".

Afanye nini: awasilishe dai kwa curator kwa maandishi, aambatishe ankara, hati ya usafirishaji na uthibitisho kwamba mzigo ulipokewa. Aangalie pia kama masharti yake ya mauzo yana kipengele cha kubaki na umiliki hadi alipwe, japo kwa maua kinasaidia kidogo, maana yameshanyauka.

Jambo moja zaidi: Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2015/848 inampa mdai wa kigeni fomu ya pamoja na muda usiopungua siku 30 tangu tangazo. Lakini "wa kigeni" humo ni mwenye makazi katika nchi nyingine mwanachama. Muuzaji wa Naivasha, Moshi au Mbale hayumo, anafuata muda wa sheria ya nchi husika.

---

Kalamu_Nyeusi

Kanuni hiyo ina faida kwa watafsiri pia: Kiambatisho A chake kinaorodhesha jina la kila utaratibu wa ufilisi kwa lugha ya nchi yake, na Kiambatisho B majina ya wasimamizi. Konkurs ya Uswidi utaikuta, concurso ya Hispania utaikuta. Denmark haimo, imejitoa kwenye kanuni hiyo.

Nimalize Kiingereza kwa haraka maana wengi wanakijua. "Concourse" ilianza na maana ya umati, kisha mahali umati unapokutana, ndiyo maana ya Main Concourse ya Grand Central, New York, iliyofunguliwa 1913. Wanaopita Dubai wanaona Concourse A, B, C: majengo yenye milango ya kupandia ndege. "Concours d'Elegance" ya magari pale Ngong Racecourse, Nairobi, ni neno la Kifaransa lililochukuliwa zima zima. Mahakamani, adhabu zikiwa "concurrent" zinatumikiwa kwa pamoja: miaka mitano na mitatu, mfungwa anakaa mitano. Na "concur" ni kukubaliana, kinyume kabisa cha "concurrence" ya Mfaransa.

Kwa Kiswahili hatuna shida hiyo. Ufilisi tumeuchukua kwenye muflis ya Kiarabu, zabuni ni zabuni, shindano ni shindano. Shida yetu ni moja, kuchagua.

---

Mama_Tafsiri

Kwa anayetafsiri, utaratibu unaofanya kazi ni huu. Anza na nchi, si lugha: Kijerumani cha Berlin, Vienna na Zürich ni vitu vitatu. Angalia nani ametoa hati: mahakama ya biashara na ofisi ya ufilisi hazitangazi mashindano ya kuimba. Kisha mtu anayetajwa pembeni: curator, syndyk, administrador, Verwalter, huo ni ufilisi; majaji na mshindi, ni shindano; "mamlaka inayotoa mkataba" ni zabuni. Kisha kitenzi. Tarehe mwisho, hasa kwa Ujerumani kabla ya 1999, Hispania kabla ya Septemba 2004 na Italia kabla ya Julai 2022.

Ukishapata maana, jina rasmi la asili liache mara moja kwenye tafsiri, pembeni ya Kiswahili: "ufilisi (Konkurs)". Wakili wa upande wa pili atalihitaji. Na usiweke "mfilisi" kila mahali: kwenye redressement ya Mfaransa kampuni inaokolewa, kwa hiyo pale andika "msimamizi".

---

Ziwa_Kaskazini

Nimeelewa vizuri. La mwisho: tangazo la Uswisi linasema "Das Konkursverfahren wurde mangels Aktiven eingestellt". Aktiven ni wanachama hai?

---

Wakili_Kigogo

Hapana ndugu, Aktiven ni mali. "Utaratibu wa ufilisi umesimamishwa kwa kukosa mali", yaani mali iliyopo haitoshi hata gharama za kesi. Nakala ya Kifaransa itasema "faute d'actif". Kwa ibara ya 230 ya sheria ile ya 1889, tangazo likitoka mdai yeyote ana siku 10 kuomba kesi iendelee, ila aweke yeye dhamana ya gharama zisizofidiwa na mali. Asipotokea mtu, ufilisi unafungwa. Kiasi cha dhamana kimeandikwa kwenye tangazo hilo hilo, kwa kawaida mstari wa chini. Kilinganishe na deni kabla ya kumwambia mteja chochote.